Sindano za Baba Mdogo

Kwetu Ilembo, miaka ile ya tisini, dawa isiyochoma haikuwa dawa. Ukipewa vidonge ulijiona umedharauliwa. Ndiyo maana baba mdogo, aliporudi kutoka semina ya kuogesha mifugo na bomba la sindano mfukoni, mtaa mzima ulimpandisha cheo akawa Daktari. Naye, kwa unyenyekevu mkubwa, akakubali.

Ng'ombe wa mama alizaa, kisha akasusa majani. Baba alikwishafariki, na maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyotulisha na kutuvisha, kwa hiyo mama naye akawa hali chakula. Daktari wetu akaja na kichupa alichokinunua dukani, akamchoma ng'ombe. Kesho yake ng'ombe akatafuna kidogo. Jamani, sifa alizomwagiwa! Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Akawa anakuja kumchoma kila siku, ingawa ng'ombe alikuwa ameshasusa tena. Mama aliuliza kama dawa haijatosha. Akajibiwa kwamba utaalamu waachiwe wataalamu.

Ng'ombe akalegea, akalala, shingo haiwezi hata kubeba kichwa. Daktari akatangaza kuwa dawa ndiyo kwanza inaanza kuingia, akaongeza nyingine. Asubuhi tukamkuta amekufa, ndama anamsukuma kiwele.

Bwana mifugo alikuja kwa baiskeli, akampasua. Moyo ulikuwa na michirizi myeupe, kama nyama iliyomwagiwa maji ya moto. Akatueleza polepole: ile dawa ni jamii ya homoni, na ikizidi, figo humwaga potasiamu yote kwenye mkojo. Potasiamu huingia mwilini kwa majani, na ng'ombe asiyekula hana pa kuipata tena. Ikipungua sana misuli inalegea, na moyo nao ni msuli, unakufa vipande vipande. Sindano moja angeihimili. Baba mdogo alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu, akasema hata yeye alikuwa anashuku hivyohivyo. Nilimchukia siku ile, na mpaka leo sijamaliza.

Wiki haikuisha, ndama naye akakataa uji tuliomnywesha badala ya maziwa. Habari zikamfikia Daktari, akaja na mkoba wake, shati amechomekea. Mama akasimama mlangoni mwa banda, wala hakupandisha sauti.

"Shemeji," akamwambia, "huyu mwache afe kwa ugonjwa wake mwenyewe."