Nilimmwagia Mwanangu Mafuta ya Moto, Sasa Amesaini Rehani ya Nyumba

Admin, weka hii lakini jina langu lisionekane, maana watu wa kanisa letu wanakusoma.

Mimi ni mama wa miaka 72, Mkongo, mjane, naishi Durban miaka mingi sasa. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mashine kiwandani kule Jacobs, eneo la viwanda hapa Durban. Alituachia nyumba, lakini hakuiandika kwa jina langu. Aliiweka kwenye trasti, yaani mali inayoshikwa kwa niaba ya familia, wasimamizi wawili: mimi na mtoto wetu wa pekee. Mmoja akikataa kusaini, hakuna kinachofanyika.

Mwaka huu nyonga yangu imeoza. Kwenda choo natambaa, mnisamehe kusema hivyo. Foleni ya upasuaji hospitali ya serikali haisogei. Benki moja ikanieleza kwamba iko rehani ya wazee: wanakupa pesa, unaendelea kukaa nyumbani kwako, hulipi kila mwezi. Ukifa, nyumba inauzwa, wanachukua deni na riba yao. Kwa vile nyumba ni ya trasti, wakataka sahihi zetu wote wawili.

Mwanangu akaruka. "Papa aliacha hii nyumba kwa watoto wangu, si kwa benki!"

Nikamjibu, "Papa yako hakuniacha nitambae."

Jumamosi moja asubuhi akaja na karatasi zake. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti karibu na jiko, nakaanga mandazi. "Saini hapa kwamba unatoka kwenye trasti, nibaki msimamizi peke yangu." Nikakataa. Akanikaba shingo, akanigonga kichwa kwenye kabati, mara ya kwanza, mara ya pili. Jino likatoka, damu ikajaa mdomo. "Saini, mama! Saini!" Pumzi ikaanza kukatika. Mkono wangu ukapata mpini wa kikaango chenye mafuta ya moto.

Sitawadanganya. Mkono haukuteleza. Nililenga uso.

Alianguka akilia kama mnyama anayechinjwa. Nikatambaa hadi kwenye bomba, nikammwagia maji, na nilipomvua shati ngozi ya shavu ikatoka na kola. Hospitali aliwaambia manesi kwamba aliteleza akajimwagia mwenyewe. Mimi nikafunika kwa kitambaa alama za vidole vyake shingoni mwangu.

Baada ya wiki tatu mke wake alikuja, akatupa bahasha mezani. Ndani iko azimio la trasti la kukubali rehani ya benki, amelisaini. Herufi zimepinda, kwa sababu jicho lake la kulia halioni tena.

"Umepata ulichotaka, mama. Amesema usimtafute."

Nikamuuliza, "Amesaini kwa kunisamehe ama kwa kuniogopa?"

"Eish, mama, mimi nitajuaje? Nikishika tu sufuria, anatoka jikoni mbio."

Sasa imebaki sahihi yangu peke yake. Benki walipiga simu tena jana. Nikisaini, nitatembea, na wajukuu wangu watakosa nyumba kwa karatasi aliyosaini baba yao akiwa na bandeji usoni. Nikichana, nitatambaa mpaka kaburini, na jicho lake halitarudi.

Na iko jambo sijamwambia hata mchungaji: namhurumia mwanangu, lakini nikigusa shingo yangu, najua angenishika tena ningemwaga tena.

Wanangu, dada zangu, msinionee haya kwa sababu ya umri wangu. Nisaini, ama nichane?