Kartoni Iliyoandikwa Hôte

Ofisi yetu ilipohama kutoka Walikale kwenda Masisi, mimi ndiye niliyefunga mizigo. Nilikuwa plantoni: nafagia, nachemsha chai, napeleka karatasi kutoka meza moja hadi nyingine. Ni ofisi ya shirika la wakulima na wafugaji. Walikale kazi kubwa ilikuwa mawese na mpunga. Masisi ingekuwa maziwa.

Fundi wa kompyuta alikuwa mdogo wangu, kitindamimba wetu, aliyeniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Niliacha shule wazazi walipokufa, ili yeye na wale wengine wawili waendelee. Sasa alikuwa amemaliza masomo Goma, na shefu wa ofisi alikuwa amemchukua kwa majaribio. Alimwambia mbele yangu, bila ukali: "Asubuhi tukifungua Masisi, kila kitu kitembee. Kisipotembea, nitaita fundi mwingine."

Zamani tulikuwa na mashine nne zikinguruma chini ya meza: ya hesabu, ya mishahara, ya barua na ya maziwa ya wafugaji wetu wachache wa Burungu, upande wa Masisi. Mdogo wangu alizihamishia zote ndani ya moja mpya, kisha zile kuukuu zikafutwa na kupewa shule. Nilimwuliza zile nne zimekwenda wapi.

"Ziko ndani, yaya. Haziko tena na mwili. Kila moja inajiona iko peke yake mu nyumba, kumbe ziko zote pamoja."

"Na hazigombane?"

"Ile kubwa njo inagawa. Hii chakula yako, hii yako."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Baada ya mazishi tuliishi wanne katika chumba kimoja. Nilitundika vikwembe vya mama viwe kuta, na kila mmoja akawa na kwake. Yeye, mdogo kuliko wote, alitaka tupige hodi kabla ya kufunua kitambaa chake. Tulipiga.

Mimi nilitangulia na lori, yeye angefuata. Njiani tulizama matopeni, tukashusha nusu ya mizigo ili gari litoke, tukaipakia upya. Tulifika Masisi jioni, mvua ikinyesha. Nikashusha kartoni moja moja, na juu ya ile nzito nikakuta mwandiko wa mdogo wangu: HÔTE. Neno hilo nalijua. Kanisani kwetu, siku za arusi, linabandikwa kwenye viti vya mbele, na kama hukualikwa huruhusiwi kuketi pale. Basi kartoni ilikuwa ya mgeni. Niliibeba mwenyewe hadi chumba cha wageni nyuma ya ofisi, nikailaza kitandani na kuifunika blanketi, maana Masisi kuna baridi.

Asubuhi mdogo wangu alifika, akaanza kufungua kartoni ofisini. Alizifungua zote, akarudia. Akatoka kuchungulia ndani ya lori.

"Mie nilipakia tu," dereva akamwambia. "Sikule kartoni."

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi, mikono magotini. Dereva alikuwa amemsimulia yale matope, naye aliwaza kwamba kartoni yake ilibaki huko.

"Unatafuta nini?"

"Ile kubwa, yaya. Shefu iko njiani. Niliandika hôte juu yake."

"Ya mugeni? Iko imelala."

Alinitazama. "Nani iko imelala?"

Nikampeleka. Alipoona blanketi limevutwa vizuri hadi juu, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akafuta macho.

"Yaya, hôte njo mwenye nyumba. Mwenye kupokea wengine."

"Kanisani njo mugeni."

"Kanisani pia ni kweli. Mu Kifaransa wote wawili jina yao iko moja."

"Sasa muntu anajua je nani atapika?"

Tuliibeba pamoja. Shefu aliingia akiwa bado na koti la mvua, wakati taa ndogo za mashine zilikuwa ndiyo kwanza zinawaka. Mama mhasibu akasema hesabu zake anaziona. Mishahara ikaja, barua zikaja. Shefu akasimama nyuma ya mdogo wangu.

"Na maziwa ya Burungu?"

Mdogo wangu akavuta kibodi. Aliandika kitu, akangoja, akaandika tena. Nilikuwa na birika mkononi na sikuweza kumimina. Kisha majina ya wafugaji yakajitokeza, na shefu akainama akayasoma taratibu mpaka chini kabisa.

"Njo yenyewe," alisema. "Utabaki." Halafu akaniomba chai.

Baadaye mdogo wangu alinifuata jikoni, akasimama karibu na jiko.

"Amesema nibaki."

"Nimesikia."

"Kwako iko nafasi?"

"Godoro iko moja."

"Basi utalala chini, yaya."

Nikamwambia sawa. Nikamwuliza kama bado anakunywa maziwa na sukari nyingi kama utotoni, na akasema bado.