Sidii za Kaka Yangu Zilizovua Samaki

Watu wa nyumbani kwangu wanasema nina wazimu, na mimi sibishani nao. Mwanamke mzima, muuza vitenge wa soko la Rumonge, na chumba kizima cha nyumba yake kimejaa sidii za filamu za zamani! Mume wangu akipata wageni huwafungulia mlango wa chumba hicho kama anawaonyesha mgonjwa. "Tazameni," anasema, "hapa ndipo angelala mama mkwe." Wageni wanacheka, nami nawaambia wafunge mlango upesi, vumbi linaingia.

Wakishaondoka nabaki humo peke yangu. Nachukua sidii moja, yoyote, naigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Wallahi hadi leo sijazoea. Kitu chepesi hivi, ukikitazama unaona uso wako mwenyewe na rangi za upinde wa mvua, basi. Kumbe ndani mna mji mzima! Mvua inanyesha humo, farasi wanakimbia, mwanamke anaimba juu ya paa, watu waliokufa kabla sijazaliwa wanacheka meno yote nje. Nitaachaje kushangaa? Wanaosema siku hizi kila kitu kiko kwenye simu, waendelee kusema. Simu haijawahi kunisisimua mwili.

Ugonjwa huu aliniambukiza kaka yangu. Nilipokuwa msichana, mtaani kwetu, karibu na ufuko wa ziwa, palikuwa na banda la video: mabati, mabenchi ya mbao na televisheni moja juu ya meza. Filamu zilikuwa za Kihindi, za Kichina, za Kizungu, na hakuna aliyeelewa neno. Basi kaka alisimama kando ya televisheni na mikro mkononi, akazungumza badala ya wote. Alikuwa bwana, alikuwa bibi, alikuwa jambazi, alikuwa hata mbwa. Na kila kitu alikileta kwetu. Jambazi akikimbia, alikuwa anakimbilia Minago. Bwana harusi akitoa mahari, alitoa madumu ya mawese. Sisi Burundi treni hatuna, kwa hiyo treni ilipotokea alisema, "Hizo ni basi ishirini za Nyanza-Lac zimefungwa kamba moja, na shofera ni mumoja tu, na iko amelewa." Watu walicheka mpaka benchi likaanguka.

Mimi nilikasirika. Nilikuwa mtoto wa kulia haraka, na kaka alijua. Nilikaa nyuma na akina mama, na akinisikia tu navuta kamasi, alisema kwenye mikro, mbele ya watu wote, "Weye mudogo wangu hapo nyuma, acha kulia. Huyu hafi." Banda zima liligeuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na zaidi ya aibu, alikuwa ameshaniharibia mwisho wa filamu!

Baadaye mwenye banda alipata kompyuta, akawa anarekodi sauti ya kaka juu ya filamu na kuziuza sokoni. Kaka aliniletea moja ya kila filamu. Lakini mimi sasa nilikuwa mtu mzima mwenye duka, nimeanza kukusanya, na mkusanyaji ana kiburi chake. Nilitaka filamu safi, kama alivyoitengeneza mwenyewe aliyeitengeneza, bila mtu wa Rumonge kupiga kelele juu yake. Niliagiza Bujumbura, niliagiza Uvira, niliagiza kwa wafanyabiashara wa Kigoma. Kila iliyokuja safi niliiweka kwenye rafu, na ile ya kaka niliitupa ndani ya gunia.

Wavuvi wetu wa ndagala, hao dagaa wa ziwani, wanavua usiku kwa taa, na wamezoea kufunga sidii mbovu juu ya taa, upande unaong'aa ukitazama chini, ili mwanga usipotee angani, uzame wote majini samaki waufuate. Waya unapita kwenye lile tundu la katikati, kazi imekwisha. Siku moja walipita dukani kuuliza kama nina sidii za kutupa. Niliwapa gunia zima. Kaka alikuwa ameketi palepale dukani, anakunywa chai. Akasema, "Sawa. Na samaki nao waone sinema." Tulicheka wote. Mimi nilikuwa nimeinama nakunja kitenge, sikuinua macho kumtazama.

Mwaka haukuisha, kaka akaugua koo. Walimpasua Bujumbura. Madaktari waliokoa roho yake, Mungu awabariki, lakini sauti ilibaki kulekule mezani. Alirudi na kitambaa shingoni na ubao mdogo wa shule, akawa anaandika kwa chaki kila anachotaka kusema. Wakati huo mke wake alikuwa na mimba.

Mtoto aliyezaliwa ni msichana, sasa ana miaka tisa, na ulimi wake unatosha wawili. Watoto wengine husema baba amesema. Yeye husema baba ameandika. "Baba ameandika nioge." "Baba ameandika tusichelewe." Anasema bila huzuni yoyote, ndiyo maisha anayoyajua.

Siku moja alikuja chumbani kwangu kutazama filamu, akaniuliza, "Shangazi, sauti ya baba ilikuwa namna gani?"

Nikasema ilikuwa nzito. Akasema, "Nzito kama ya nani?" Sikupata mfano. Nikajaribu kumuigiza, mimi mjinga, nikakohoa, nikakaza koo, nikatoa sauti ya mbuzi. Mtoto alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. "Murakoze, shangazi," akasema, akaondoka. Hiyo asante iliniunguza kuliko tusi. Chumba kizima cha sauti za watu nisiowajua, tena maiti, na ya ndugu yangu wa tumbo moja niliwapa samaki.

Asubuhi nilifunga duka nikaenda ufukoni. Mitumbwi ilikuwa imerudi, ndagala zimeanikwa mchangani, na juu ya kila taa sidii zinawaka kwa jua. Nilisimama nikaziangalia. Ziwa lote lilikuwa shwari, na zile sidii zilikuwa zinarusha vijimwanga juu ya maji, vinacheza. Nilijikuta nimefunga mdomo kwa mkono.

Nikamwambia mvuvi mmoja mzee shida yangu. Alinitazama, akafikiri nimepigwa na jua.

"Mama, hizi ziko za zamani sana. Nyingine zilishaanguka mu maji."

"Zilizobaki nipe."

"Na mimi nitavua na nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimtolea kikapuni sidii mpya kabisa, tupu, zinang'aa. Akazigeuza geuza, akapenda. Alipofungua waya wa zile za zamani aliniuliza kama kweli ilikuwa sauti ya yule wa banda la video. Nikasema ndiyo. "Ah!" akasema. "Yule! Yule alitufanya tucheke mpaka tunasahau kwenda kuvua." Akaita wenzake, nao wakafungua za kwao. Nilirudi nyumbani na sidii kumi na moja. Kaka alikuwa akizitia alama ya nyota kwa kalamu, lakini jua lilikuwa limefuta kila kitu. Hakuna njia ila kuzijaribu zote.

Nikaziosha kwa sabuni. Nikazifuta, kisha nikazipaka tone la mawese kuziba mikwaruzo, maana kwetu Rumonge hakuna ugonjwa usiopakwa mawese. Mume wangu alisimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakunitania.

Adhuhuri kaka alikuja na binti yake. Sikuwaambia ninatafuta nini, niliogopa. Nikatia ya kwanza, deki ikakoroma, ikaitema. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa muziki wa harusi ya watu. Ya nne, ya tano, kimya. Kaka akaandika ubaoni, "Unafanya nini, mwendawazimu?" Nikamwambia anyamaze, halafu nikajisikia vibaya, halafu yeye akacheka kwa mabega, kama anavyocheka sasa.

Ya tisa ilizunguka, ikazunguka. Kioo kikajaa vipande vya kijivu. Picha haikutulia, lakini sauti ilikuja.

"Karibuni, karibuni! Weye wa mulangoni, funga, mwanga unakula picha!"

Mungu wangu. Alikuwa yeye. Sauti nzito, yenye mchanga kidogo ndani yake, na kile kicheko kinachoanza kabla ya neno kuisha. Miaka yote ile juu ya maji, upepo, chumvi ya mikono ya wavuvi, jua, na bado ilikuwa humo, haikupungua hata pumzi! Nimetazama maajabu mengi kwenye kile kioo, sijapata kuona la namna ile.

Mtoto alitazama televisheni, kisha akatazama mdomo wa baba yake. Midomo ya kaka ilikuwa inakwenda. Hakuwa amesahau neno hata moja, alikuwa anaifuata sauti yake mwenyewe, na machozi yanashuka mpaka kwenye kitambaa. Mtoto akanyoosha mkono, akauweka juu ya koo la baba yake, akauacha hapo.

Ilikuwa filamu ya Kihindi, nyeusi na nyeupe, ya mume anayepanda treni na mke anayebaki stesheni. Ninayo iliyo safi, ipo rafu ya pili. Picha ilitulia kidogo, tukaiona treni inaondoka, na basi ishirini za Nyanza-Lac zikapita na shofera wao mlevi, na mtoto akacheka kwa nguvu. Yule mke akaanza kukimbia. Ndipo kaka, kutoka huko alikokuwa, akasema:

"Na weye mudogo wangu hapo nyuma, acha kulia. Huyu anarudi. Mimi nimeshaiona, anarudi."

Nilikuwa nalia kweli, nalia kwa sauti kama mtoto, na safari hii sikuona aibu. Deki ikakwaruza, picha ikasimama, mke mguu mmoja juu. Nilingoja. Haikuendelea tena.

Mume wangu akanyoosha mkono kwenye rafu ya pili kuchukua ile safi, tumalizie. Akauliza kama mtoto hataki kujua ikiwa yule bwana anarudi.

Mtoto hakutoa mkono wake kwenye koo la baba yake.

"Anarudi," akasema. "Baba amesema."