Kanuni ya Saba na Jozi Namba Kumi na Moja

Siku yangu ya kwanza katika Ofisi ya Utamaduni pale Mwanza nilikabidhiwa rula ya mbao, kopo la poda na boksi la pini. Nilikuwa nimetoka upande wa Majita, karibu na Musoma, na cheti changu cha ukarani, na nilitegemea kuwekwa mbele ya mashine ya kuandikia. Karani mkuu akaniambia kuwa Jumapili ile kulikuwa na mashindano ya dansi ya jozi, na kwamba mimi ndiye ningewakagua washindani mlangoni. Nikamuuliza dansi inakaguliwaje. Akasema ningeelewa nikifika ukumbini.

Nilielewa Jumapili ile ile. Rula ilikuwa ya kupimia pindo, maana gauni lilitakiwa lifike gotini. Poda tuliinyunyiza kwenye sakafu ya saruji ili viatu viteleze. Pini zilikuwa za kubandikia namba mgongoni mwa mwanaume, kwa sababu waamuzi walitakiwa kumtambua mshindani kwa namba, wasimwite jina. Nilikagua hata soli. Soli ya mpira ilikatazwa. Inang'ang'ania sakafu wakati mwili unageuka, na goti ndilo linaloumia. Mwanaume aliyenuka pombe alirudishwa nyumbani, hata kama alikuwa mchezaji hodari kuliko wote.

Bosi wangu wa kwanza, Afisa Utamaduni wa Mkoa, alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ndogo. Aliniona nikimrudisha fundi mmoja wa meli kwa maneno makali mbele ya mkewe. Akaniita pembeni.

"Binti, wewe si askari wa geti," akasema. "Ukimtoa mtu ukumbini, mtoe kama unavyomsindikiza mgeni wako."

Niliitikia, lakini nilikuwa kijana, na rula mkononi ilinipa kiburi kidogo.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Sengerema. Nilivuka na kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, kikapu changu kimejaa pini na poda, na huko nikawafundisha walimu na wauguzi dansi za mashindano. Niwaeleze vijana jambo moja hapa. Waltzi ni dansi ya kusafiri: jozi zote huzunguka ukumbi kuelekea upande mmoja, ukuta ukiwa mkono wa kulia wa mwanaume, na anayekwenda kinyume anagonga wenzake na kukatwa alama. Rumba na chacha hazisafiri. Jozi hushika eneo lake na kuliheshimu eneo la jirani. Kumbeba mwanamke juu kulikatazwa kabisa. Mshereheshaji wetu wa Sengerema alikuwa Msukuma wa kweli kweli, na kila Jumapili alitangaza "lumba" kwa furaha kubwa. Hakuna aliyemsahihisha.

Niliporudi Mwanza nikiwa Afisa Msaidizi, mji ulikuwa umeanza kubadilika. Biashara zilikuwa zimefunguliwa. Viwanda vipya vya watu binafsi vilikuwa vikikata minofu ya sangara kando ya ziwa, huku viwanda vya zamani vya pamba vikisubiri wanunuzi au vikipunguza watu. Wadhamini walijitokeza, na kikombe cha Mashindano ya Taasisi, walikoshindana watumishi wa viwanda, vyuo na ofisi, kikawa kikubwa kuliko zamani. Hapo ndipo mamluki walipoingia. Mamluki ni mchezaji wa kukodiwa: taasisi inamchukua mtu anayecheza na bendi, inamvalisha sare yake, inasema ni mlinzi wa stoo. Watumishi halali walikuwa wakikata tamaa.

Nikapewa kazi ya kuandika upya kanuni. Kanuni ya saba niliiandika kwa mkono wangu: "Jozi iwe ya watumishi wawili wa taasisi moja, waliojiandikisha kwa majina yao, nao wawe bado kazini siku ya shindano." Mwenyekiti wa Kamati ya Mashindano, mwalimu mkuu mstaafu aliyevaa miwani mizito, aliisoma mara mbili na kuniuliza maneno ya mwisho yalikuwa ya nini. Nikamweleza kuwa mamluki huajiriwa wiki ya kujiandikisha na kuachwa wiki inayofuata.

"Sawa," akasema, akatia saini. "Lakini siku moja utamsomea mtu maneno haya usoni."

Msimu wa tatu wa kanuni hizo ndipo nilipowasomea Masanja na Leokadia.

Masanja alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba. Leokadia alikuwa karani wa mizani hapo hapo, mjane mwenye asili ya Ukerewe, anayesimama wima hata akiwa kwenye foleni. Walicheza pamoja kwa miaka mingi, na watu waliokuwa wageni waliwadhani mume na mke. Hawakuwa hivyo. Mke wa Masanja ndiye aliyewashonea nguo zote mbili, na kila shindano alikaa mstari wa mbele akikagua mishono yake kuliko hatua zao. Masanja alikuwa na mwili mkubwa, lakini alipomwongoza mwenzake hukuona mkono wake ukisukuma. Jozi nyingine ilipowasogelea, yeye ndiye aliyepisha. Katika fomu ya nidhamu, ambayo tulimjazia kila mshindani, sikuwahi kuwaandikia neno lolote baya.

Mwaka ule waliingia fainali. Fainali ilikuwa Jumapili mchana, na Ijumaa iliyotangulia kiwanda chao kikatoa barua za kupunguza wafanyakazi. Jina la Leokadia lilikuwemo. La Masanja halikuwemo.

Jumapili walifika mapema kama kawaida. Nikambandikia Masanja namba kumi na moja. Leokadia alivaa gauni la bluu la mikono mirefu, na alinisalimia vizuri, ila hakuwa na maneno mengi. Dakika chache kabla ya bendi kuanza, kiongozi wa timu ya kiwanda kimoja cha samaki akaniletea rufaa ya maandishi. Kwa utaratibu wetu, rufaa ilipokelewa kabla ya ngoma ya kwanza tu. Iliandikwa kuwa mchezaji wa kike wa jozi namba kumi na moja hayupo tena kazini, kwa hiyo kanuni ya saba itumike. Yule bwana hakuonekana kufurahia. Aliniambia kwa sauti ya chini kuwa watu wake wamemtaka aandike, na yeye hana la kufanya.

Niliwaita Masanja na Leokadia kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa, ambamo bendi iliweka maboksi yake. Bendi ilikuwa imeshaanza kupima sauti, na mdhamini alikuwa anatazama saa.

"Leokadia, ni kweli umepunguzwa?"

"Ni kweli, Mama Magesa. Barua tumepewa juzi."

Masanja akasogea. "Mama, hiyo barua yenyewe..."

Nikainua mkono kumzuia. Nikasema kanuni haina mlango wa nyuma, na kwamba nikiwapitisha wao, kesho nitampitisha kila mamluki. Niliyasema kwa upole, nadhani. Nilikuwa nawapenda, na labda kwa sababu hiyo nilitaka yaishe haraka.

Leokadia alimshika Masanja mkono ili asiendelee. Kisha akamgeuza, akachomoa pini zote nne mgongoni kwake moja moja, akanipa pamoja na ile namba. Hakulia. Walirudi ukumbini, wakakaa karibu na mke wa Masanja, na jozi ya kiwanda cha samaki iliposhinda waliipigia makofi. Baadaye walikwenda kuwashika mkono washindi, kama kanuni inavyomtaka aliyeshindwa, ingawa wao hawakushindwa na mtu.

Jumatano iliyofuata Masanja alikuja ofisini akiwa na ovaroli, ananuka mafuta ya pamba. Nilimkaribisha kiti, akabaki amesimama. Aliweka barua mezani na kuweka kidole kwenye mstari mmoja. Ilikuwa barua ya Leokadia, na mstari ulisema kuwa utumishi wake utakoma siku ya mwisho ya mwezi huo. Tulikuwa bado katikati ya mwezi.

Nilisoma tena. Jumapili ile Leokadia alikuwa kazini. Hata siku ile niliyokuwa naisoma barua, alikuwa kazini, anapima magunia.

"Nilitaka kukuambia," Masanja akasema. "Ukainua mkono."

Nilikaa na barua ile mpaka chai yangu ikapoa. Kisha nikaenda kwa Mwenyekiti na kumweleza yote bila kujitetea. Alinisikiliza, akavua miwani. Akanikumbusha kuwa matokeo yaliyotangazwa na kikombe kilichokabidhiwa havibatilishwi, na kwamba wale vijana wa kiwanda cha samaki walicheza kihalali na hawana kosa. Nikasema najua. Akasema basi kikombe kibaki kilipo, ila mimi nilikuwa na safari ya kwenda. Hakuniambia ya wapi.

Leokadia alikaa Buswelu, ambako siku hizo kulikuwa na mashamba mengi kuliko nyumba. Nilimkuta akianika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba. Alinikaribisha, akanitolea kigoda, akaniletea maji. Nilimwambia kuwa nimekosea, kwamba sikuomba kuiona barua, kwamba nilimkatiza Masanja, na kwamba kosa si la kanuni, ni langu. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, lakini yaliisha upesi.

Aliendelea kugeuza michembe yake. Nikamwambia mwezi haujaisha. Naweza kuandaa Jumapili ijayo wacheze peke yao, bendi iwepo, jina la kiwanda litangazwe.

"Hapana, Mama Magesa," akasema. "Kikombe sikukitaka sana. Nimepima pamba pale tangu sijaolewa. Nilitaka nicheze mara moja ya mwisho pamoja na wenzangu, nikiwa bado karani wa mizani. Sasa mkinichezesha peke yangu, watu watanitazama kama mgonjwa."

Akaendelea, bila hasira.

"Siku ile wewe ulikaa juu ya boksi, sisi tumesimama. Mtu aliyesimamishwa hujibu kwa kifupi ili aondoke. Ungenipa pa kukaa, ningekumbuka hata tarehe."

Nilimuuliza kama kulikuwa na jambo lolote ambalo angependa nimfanyie. Alifikiri, kisha akasema msimu ujao nimweke kwenye meza ya rufaa. Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

Kamati ilibishana karibu mchana mzima. Wengine walisema hana mafunzo. Mwenyekiti akasema mtu aliyeishi kwa mizani miaka yote hiyo, na hakuna mkulima aliyewahi kumlalamikia, ana mafunzo ya kutosha. Leokadia akakubaliwa. Kikao hicho hicho tulibadilisha kanuni ya saba, ikawa mtumishi awe kazini siku ya kujiandikisha na awe ametimiza miezi sita, na mamluki wakabanwa vizuri kuliko nilivyowabana mimi. Leokadia akaleta kanuni moja mpya aliyoiandika kwa penseli: "Mshindani asitolewe kabla ya karatasi zake kusomwa zote, na kabla hajasikilizwa akiwa ameketi." Mjumbe mmoja alitabasamu kwa hilo neno la mwisho. Mimi nikaomba libaki.

Msimu ule ule alipata kesi. Kijana mmoja wa chuo fulani alimleta dada yake acheze naye kwa jina la mtumishi mwingine. Leokadia aliwapa viti. Alisoma fomu, alisoma kitambulisho, akawauliza kama kuna karatasi nyingine. Akawasikiliza mpaka wakaishiwa maneno wenyewe. Kisha akawatoa, kwa sababu walikuwa na hatia. Bendi ilikuwa inasubiri, mdhamini alikuwa anatazama saa, na yeye hakuharakisha hata kidogo. Kijana yule alipotoka alimwambia asante. Mimi katika miaka yangu yote mlangoni sikuwahi kuambiwa asante na mtu niliyemtoa.

Masanja hakuingia tena mashindanoni na mwenzi mwingine. Kiwanda kilipouzwa, akaanza kutengeneza mashine za kusaga, na kwenye harusi alicheza na mkewe, ambaye hatimaye aliinuka kutoka mstari wa mbele. Leokadia alikaa kwenye meza ya rufaa hadi mashindano yenyewe yalipofifia. Wadhamini walianza kutaka maonyesho ya jukwaani, kumbi zikageuzwa za video, na ofisi yetu ikabakiwa na watu watatu na feni moja. Nikastaafu kimya kimya. Niliagwa kwa soda na keki, na Leokadia akasema maneno machache mazuri ambayo nadhani sikuyastahili yote.

Sasa naishi Kiseke, na magoti yangu yanajua mvua inakuja kabla ya mawingu. Vijana wanaotaka kuoana huja kwangu niwafundishe waltzi ya kufungulia ukumbi. Huniuliza kama ni kweli tulikuwa tunapima magauni kwa rula, na wanacheka. Nami hucheka nao. Nawafundisha kushika mkono wa mwenzi bila kuuminya, kupisha jozi iliyo nyuma, kumwinamia mwenzi kabla na baada ya wimbo, hata wimbo ukiharibika. Mengine ya nidhamu wanayajua wenyewe, kuliko sisi wazee tunavyodhani.

Wakati mwingine binti mmoja hujaribu kunisifia, ananiambia kuwa lazima nimeona rumba zote nzuri zilizochezwa Mwanza. Namjibu kuwa nimeona nyingi, na nilizihukumu kadiri nilivyoweza. Ila ipo moja, ya fundi mitambo na karani wa mizani, mchana wa Jumapili, ambayo walikuwa wameifanyia mazoezi msimu mzima. Hiyo sikuiona. Hakuna mtu aliyeiona, kwa sababu mimi niliinua mkono.