Korongo wa Murara aliyenipenda nikiwa ndani ya shuka

Wakuu, salamu kutoka Goma, ambako leo mawingu yamekaa juu ya mlima kama kilemba kilichofungwa haraka.

Nina kisa ambacho mpaka sasa nimewasimulia watu wawili tu, na wote walicheka. Naapa sijaongeza chumvi. Kilikuja na chumvi yake.

Mwaka jana nilijitolea kwenye kashirika kadogo ka hapa mjini kanakookoa korongo taji. Ni wale ndege warefu wa kijivu wenye taji la dhahabu kichwani. Huku wengi tunawaita musambi.

Wenye uwezo hupenda kuwafuga kwenye parsele zao, yaani uani, kama mapambo. Wanawakata manyoya ya mabawa kwa mkasi, basi, ndege anatembea na kuku mpaka uzeeni.

Shirika linawachukua, linasubiri manyoya yaote, linawafundisha kuwa ndege tena, kisha linawapeleka kinamasini.

Ndiyo, kuwafundisha kuwa ndege. Msicheke bado.

Sheria ni hii: ukiingia kwenye ua wao unavaa shuka la kijivu kuanzia kichwani hadi miguuni, lenye matundu mawili ya macho, na huongei hata neno. Lengo ni wasizoee sura wala sauti ya mtu. Nilipolivaa mara ya kwanza nilifanana na mzimu aliyekosa nauli ya kurudi kuzimu.

Mkuu wetu, Mama Masika, ni mama wa Butembo, mnyoofu kama rula. Alinikabidhi ndege mmoja, Zozefina. Alikuwa amekaa miaka mitano mtaa wa Murara kwa muzee mmoja muuza maharagwe, Papa Kambale.

Afya safi. Mabawa yameota. Tatizo hakuwataka korongo wenzake. Alisimama pembeni, shingo juu, kama mke wa gavana aliyeteremshwa sokoni kwa makosa.

Sasa, korongo hujuana kwa kucheza. Wanainama, wanaruka, wanafungua mabawa, wanarusha vijiti. Asiyecheza hapati mwenza wala kundi, na kinamasini asiye na kundi hadumu.

Daktari wa wanyama alikuwa anakuja Ijumaa. Anayecheza na wenzake anapanda gari. Asiyecheza anabaki nyuma ya wavu hapa Goma maisha yake yote.

Ilikuwa Jumatatu.

Mama Masika akaniambia, "Fungula mikono, ruka kidogo mbele yake, apate hamu. Kidogo tu, unasikia?"

Wakuu, mimi ni mtoto wa mji huu. Kwetu mtu hachezi kidogo. Nimekulia kwenye harusi ambazo kiuno kina heshima kuliko hotuba.

Nikainama. Nikaruka mara moja, kama nilivyoagizwa. Halafu mwili ukakataa amri. Rumba ikaja bila muziki, kiuno kikashuka chenyewe, shuka likazunguka.

Zozefina akageuka. Akanitazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Akafungua mabawa, akaruka, akashuka polepole, kana kwamba hewa ni ngazi na yeye anakijua kila kipandio.

Nikajisemea, nimeweza!

Jumanne nilipoingia alinikimbilia na kijiti mdomoni. Akakiweka juu ya kiatu changu, akainama. Dume mmoja mwenye mguu mbaya akajaribu kusogea. Zozefina akamfukuza mpaka kwenye pipa la maji, kisha akarudi kusimama kando yangu, bega lake kwenye paja langu.

Nilipotoka, Mama Masika alikuwa ananisubiri.

"Umefanya nini?"

"Nimecheza, mama."

"Hapana. Umeoa."

Akaendelea, "Ijumaa tutamwambia munganga wa wanyama nini? Ndege anapenda shuka?"

Nikiri hapa, maana hapa ni kwetu: moyoni nilifurahi. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniletea hata kijiti.

Mama Masika akampigia Papa Kambale amuulize tabia za ndege wake. Muzee hakutaka mambo ya simu. Alikuja mwenyewe, amevaa koti la misa, amevimba. Tukamweka nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano ili Zozefina asimwone.

"Njo huyu?" akaninyooshea kidole. "Mutoto yangu alitoka kwangu, hata mwaka haijaisha, tayari iko na bwana? Na haukuja kwetu hata na mbuzi moja?"

"Papa, mimi ni benevole tu, najitolea."

"Bote banasemaka vile!"

Mama Masika akaficha uso nyuma ya daftari.

Hasira ilipopoa, muzee akakaa juu ya jiwe, akatueleza. Kila Jumapili baada ya misa, yeye na mke wake walicheza rumba uani, na Zozefina katikati yao. Mimi nilikuwa nimemrudisha nyumbani bila kujua.

"Huyu hapendi mutu wa kukaa," alisema. "Siku mugongo iliniuma, nilikataa kusimama. Alinidonoa, alinidonoa, akachoka na miye, akaenda kuchezea jogoo ya jirani. Weye kaa chini tu. Usimuchezeye tena, hata akilia."

Nikakaa.

Jumatano yote, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliniletea vijiti, majani, na kitu kimoja ambacho sitakitaja. Aliruka mbele yangu. Alidonoa vidole vya miguu yangu kimoja kimoja, kwa utaratibu, kama mwalimu anayeita majina. Goti langu la kushoto lilianza kutikisika kwa midundo yake lenyewe. Nikalikandamiza kwa viwiko.

Alhamisi mchana alikuja bila kijiti. Hakuruka. Alisimama tu, akachungulia kwenye matundu ya shuka langu, muda mrefu sana. Vidole vyangu vikaanza kuinuka. Nikavikalia.

Akageuka.

Yule dume mwenye mguu mbaya akaruka. Ulikuwa mruko mbaya, wakuu, kama wa mtu anayeteremka lori akidhani limesimama. Akaanguka ubavu. Akainuka, akaruka tena.

Zozefina akamwinamia. Halafu akafungua mabawa.

Nililia ndani ya lile shuka. Matundu yakahama, nikawa sioni, na nikitafuta mlango nikaliparamia pipa la maji, tukaanguka wote wawili. Wale korongo hawakugeuka hata kunitazama.

Ijumaa daktari alitazama kidogo tu, akaandika, Zozefina na yule dume wakapakiwa, kila mmoja kwenye kasha lake lenye matundu. Mimi na Papa Kambale tulisimama langoni, bila shuka, bila ukuta. Jicho la Zozefina likatokea kwenye tundu. Likapita juu yangu. Likapita juu ya muzee. Likatulia kwenye kasha la jirani.

Gari likaondoka.

"Ametusahau," muzee akasema. Akapenga kwenye leso, kwa nguvu. "Bien. Njo vile tulikuwa tunataka."

Nilichojifunza: nilidhani kumsaidia mnyama ni kupendwa naye. Kumbe kuna siku kazi yote ni kukaa juu ya ndoo mpaka akudharau vizuri.

Kama nawe umewahi kuachwa na bata, mbuzi au binadamu, uwanja ni wako hapo chini. Na mkicheka, chekeni taratibu. Kidonda bado kibichi.