Mgonjwa Niliyemfunika Leso

Nichekeni tu, wasomaji, mwenyewe nimeshajicheka. Mwezi jana kijibwa cha tajiri wangu kiliumia pingili za mgongo, miguu ya nyuma ikafa ganzi. Daktari wa mifugo akasema kilazwe sawasawa, kisitembee; siku kitakapotikisa mkia, hapo ndipo tuwe na tamaa kitapona.

Kutoka kwa daktari nilikatiza mtaa wa Kuze, nimekibeba juu ya ubao, nimekifunika leso gubigubi ili nisizomewe. Bi Salma, muuza mahamri, akanivuta kibarazani kwake.

“Maskini! Mwanao ana nini?”

“Mgongo, bibi.” Nilikosa ujasiri wa kumwambia ni mbwa.

“Ana umri gani?”

“Miaka mitatu.”

“Na udogo huu? Hali chakula, eh?”

“Nyama anakula sana.”

Akaweka mkono juu ya leso, akamwombea dua ndefu. Mimi naitikia “Amin” machozi yakinitoka, najiona mama kweli.

Mara leso ikacheza upande wa nyuma. Ikacheza tena. Furaha ikanipanda, nikapiga ukelele:

“Mkia, bibi! Ametikisa mkia! Atapona!”

Bi Salma akauinua mkono wake polepole.

“Mwanao ana mkia?”