Bagula angoja simu ya Jumanne aezeke darasa la mwisho

Saa nne asubuhi, Jumanne. Nyuma ya nyumba ya kupanga mtaani Linden, jijini Columbus, Marekani, Bagula Masumbuko ameinama, miguu ameitanua, kichwa kimening'inia mpaka anaiona dunia juu chini. Mikononi ana mpira uliochongoka pande mbili, ule wa Wamarekani. Anavuta pumzi. Mara mpira umepita katikati ya miguu yake na, puu! umegonga godoro kuukuu lililotundikwa kwenye uzio, hatua kumi na tano nyuma yake.

Kwenye godoro hilo amechora duara jekundu lenye ukubwa wa sinia. Mpira umeingia ndani ya duara. Anaufuata, anauokota, anarudi, anainama tena. Huo ulikuwa wa arobaini na moja. Kila siku anarusha mia moja, iwe jua iwe theluji, kabla ya kwenda ghalani kupanga maboksi.

Leo juu ya ndoo iliyopinduliwa ameweka simu, sauti imefunguliwa hadi mwisho.

"Jumanne njo siku ya timu kuita watu," anasema kwa Kiswahili cha kwao Kivu. "Jumapili wanacheza, Jumatatu wanahesabu wenye kuumia, Jumanne wanatafuta wa kujaza nafasi. Ikifika saa saba ya mchana, bon, unajua hawakuiti tena. Unavaa buti, unaenda kazi."

Usicheke, lakini hiyo kazi ya kuinama na kurusha mpira kinyumenyume ni kazi ya mshahara. Timu kubwa ya mchezo huu ina wachezaji hamsini na watatu. Wa kukimbia wapo wengi, wa kudaka wapo, wa kugongana ndiyo usiseme. Wa kurusha nyuma ni mmoja tu. Mpira ukifika salama kwa mpigaji, yule wa kuupiga teke, hakuna anayemtazama aliyeurusha. Ukienda kombo, uwanja mzima unalijua jina lake.

Na kwa kuwa ni mmoja tu, mrushaji hana mtu wa kumpokea. Akiumia, timu hupiga simu nje. Bagula, mwenye umri wa miaka ishirini na minane, ni miongoni mwa hao wa nje. Ameitwa mara mbili katika miaka mitatu, zote huko Buffalo, na muda mrefu zaidi aliokaa ni wiki nne.

Alizaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita upande wa Fizi, Kongo. Alipofika Louisville na mama yake, Adolphine Karaha, alikuwa na miaka tisa na hajui neno la Kiingereza. Baba alikwisha kufariki. Walipewa fleti mtaani Highview, na mama akapata kazi ya kushona viti vya magari kiwandani, kazi anayoifanya hadi leo.

Shuleni kocha alimwona ana mabega mapana akamwita uwanjani. "Nilikuwa sijui sheria hata moja," anakumbuka. "Kocha akauliza, nani anataka kurusha nyuma? Wote wakatazama chini. Kazi ya kuinamisha kichwa ugongwe, nani anaitaka? Mimi sikuelewa swali, donc nikainua mkono."

Mkono huo ulimlipia chuo kikuu. Na miaka mitatu iliyopita, mrushaji wa Buffalo alipovunjika kidole, Bagula alipigiwa simu ya kwanza ya maisha yake. Karatasi aliyosaini ya kikosi cha mazoezi, kile cha wachezaji wa akiba, ilisema dola elfu kumi na mbili kwa wiki. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Kanisani kwao Highview, hesabu ilipigwa haraka. Msimu una wiki kumi na nane. Kumi na nane mara elfu kumi na mbili! Jumapili hiyo ikatangazwa kwamba kijana wetu amepata laki mbili na ushei. Vigelegele vikapigwa, kina mama wakamtandikia vitenge apite juu yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mkataba huo unaweza kuvunjwa. Yeye mwenyewe hakuuliza.

Ilikuwa siku ya harambee. Kule kwao milimani Fizi kulikuwa na shule ya madarasa sita, paa la nyasi limechakaa, na wakimbizi wa Louisville walikuwa wakichangia mabati. Huyu dola hamsini, yule mia. Bagula akasimama, koti jipya, akasema: "Niandikieni elfu makumi mbili. Shule yote ni yangu."

Mama yake alikuwa safu ya pili. "Nilishangilia kama wengine," Adolphine anasema, kisha anajicheka. "Hata nililala chini, juu ya zulia, kwa furaha. Sasa mutoto amesimama mbele ya Mungu na ya watu, utamuvuta shati?"

Wiki hiyohiyo Bagula akakodi nyumba nzuri Buffalo kwa mwaka mzima. Akachukua gari kwa mkopo. Akatuma pesa kwa wajomba, mashangazi, na watu waliojitambulisha kwenye simu kuwa ni mashangazi. Jumanne ya wiki ya nne, kidole cha mwenye nafasi kikapona. Bagula akaitwa ofisini, akashukuriwa, akaombwa arudishe kitabu cha mbinu.

"Nilikodi nyumba ya miezi kumi na mbili kwa kazi ya wiki nne," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hatabasamu. "Niliendesha mpaka Louisville. Jumapili tatu sikukanyaga kanisa."

Mchungaji alimfuata nyumbani akamwambia amesamehewa, Mungu hadai wasio nacho. Bagula alikuwa karibu kukubali. Ndipo ikaja picha kutoka kijijini, imetumwa kwenye simu ya mama. Wazee wa kule waliposikia ahadi walikuwa wamefurahi mno, wakaezua nyasi zote siku moja ili mabati yakija yakute kuta ziko tayari. Kwenye picha, watoto walikuwa wamekaa ndani ya madarasa sita yasiyo na paa, turubai limefungwa kona moja, wanaitazama kamera.

Bagula aliitazama picha hiyo mpaka simu ikazima. Mchungaji angeweza kumsamehe. Wale watoto ndio walionyeshewa na mvua kwa sababu yake, na jambo hilo lilimuuma kuliko kuachishwa kazi. Wahenga walisema ahadi ni deni, na hili lake halikumwachia usingizi.

Waliomnusuru ni kina mama. Adolphine na wenzake kumi pale Highview wana likelemba, mchezo wa kupeana fedha kwa zamu kama ambavyo wengine huita upatu. Kila mwezi kila mtu hutoa dola mia mbili na hamsini, na mmoja huchukua zote. Mwenyekiti wao, Mama Shami, mlezi wa wazee anayejulikana kwa kuchelewa kucheka, aliitisha kikao sebuleni kwake. Bagula akakalishwa kwenye kigoda, magoti yanagusa kidevu.

"Tulimuambia, wewe haukosi akili, unakosa watu wa kukuuliza," anasema Mama Shami. "Sasa sisi tutakuuliza."

Wakamwingiza awe mwanachama wa kumi na mbili, mwanaume pekee, na mama aliyekuwa zamu ya mwezi huo akamwachia nafasi yake. Bagula akapokea dola elfu tatu, akavunja nazo mkataba wa ile nyumba. Gari akalirudisha, deni lake likabaki. Kisha akapewa sheria moja: chakula, kodi na mafuta vitoke kwenye mshahara wa ghala. Pesa ya mpira isionjwe. Akiipata, aifikishe mezani kwa Mama Shami na ajibu maswali matatu: Ni ya juma ngapi? Nani amekwisha kuila? Na ukifukuzwa kesho, utakula nini?

Ndiyo, wachezaji wa ligi ile wana washauri wa fedha wenye suti na tai. Bagula ana wa kwake kumi na mmoja, wamevaa vitenge, na hawamtozi hata senti. "Mwaka jana nilitaka kununua televisheni," anasema. "Mama Shami aliniuliza, itafunika darasa la ngapi? Nikaacha."

Alihamia Columbus kwa hesabu hiyohiyo. Linden kodi ni nafuu, nyumba wanakaa watatu, na kutoka hapo ni saa tatu na nusu kwa gari hadi kwa mama, saa tano hadi Buffalo. Ghalani analipwa dola kumi na tisa kwa saa kupitia wakala wa vibarua. Kila anapoitwa na timu, akirudi anaanza upya kama mgeni, kwenye lango lenye baridi kuliko yote.

Na madarasa yamekuwa yakiezekwa, moja baada ya jingine. Mawili kwa zamu za likelemba, mawili kwa maboksi ya Columbus, moja kwa wiki mbili alizoitwa Buffalo mwaka jana, kwa kilichobaki baada ya kodi na deni la gari. Picha zake anazo kwenye simu, mabati yanameta mpaka yanaumiza macho. Limebaki la sita. Dola elfu tatu na mia tatu. Mvua za kule zimekwisha kuanza, na darasa la sita ndilo linalojiandaa kwa mtihani wa mwisho, chini ya turubai.

Kuna mwingine anayelisubiri darasa hilo. Gracieuse, mchumba wake, anaishi Kenmore, jirani na Buffalo, kwa mjomba wake Jean-Baptiste, na anafanya kazi ya kutunza wazee. Bagula alimwambia hatapeleka barua ya posa mpaka bati la mwisho lipigiliwe. Miaka miwili sasa. "Wenzangu waliniambia nimuache," Gracieuse anasema kwa simu kutoka kazini. "Niliwaambia, mwanaume wa kuahidi nimeona wengi. Wa kumaliza, nimeona huyu."

Saa nne na robo simu juu ya ndoo inalia. Bagula anaruka, anaiangalia, anafumba macho. Ni mama yake, yuko kwenye mapumziko ya kiwanda.

"Mama! Jumanne haupigi simu! Wanaweza kuwa wananitafuta sasa hivi!"

"Nilitaka kujua kama wamekuita."

"Wataniitaje na wewe uko kwenye laini?"

"Bon, ninakata. Umekula?"

Amekata kabla ya kujibiwa. Bagula anatikisa kichwa, anarudi kuinama. Hamsini. Sitini. Upepo wa Novemba unapita kwenye uzio na vidole vyake vimekuwa vyekundu, lakini glavu hataki, anasema zinaudanganya mkono. Sabini. Saa tano inapita, kisha saa tano na nusu. Anafika mia moja, anakosa duara mara tatu tu, na anaanza kuvua viatu vya uwanjani bila kuitazama ndoo. Buti za ghala ziko mlangoni, kamba zimelegezwa tayari.

Saa sita na dakika arobaini, simu inalia.

Ni wakala wake wa mpira. Bagula anasikiliza akiwa amesimama kwa mguu mmoja, kiatu mkononi. Anajibu kwa Kiingereza, ndiyo, ndiyo, ninaweza, leo jioni. Mrushaji wa Buffalo ameteguka nyonga Jumapili. Hawataki kumjaribu Bagula kwanza, wanamjua. Kikosi cha mazoezi tena, wiki kwa wiki, dola elfu kumi na tatu kabla ya kodi.

Anaiweka simu chini taratibu, kama yai. Kisha anakaa palepale kwenye nyasi zenye baridi, na machozi yanamtoka wala hayafichi.

Anajifuta uso, anampigia mama. Adolphine yuko kwenye mashine, mahali ambapo simu ni marufuku. Anaipokea mlio wa kwanza.

"Mama, wameniita."

Miaka mitatu iliyopita, kila aliyesikia habari hii aliuliza swali moja: wanakulipa ngapi? Adolphine hajauliza hivyo.

"Ni ya juma ngapi?"

"Juma moja, mama. Moja tu ndiyo wamesema."

Mashine zinasikika zikinguruma upande wa pili. Mama anapaza sauti kuzishinda. "Moja inatosha, mutoto wangu. Moja inatosha."

Ikikatwa kodi, asilimia za wakala na salio la deni la gari, inabaki inayotosha darasa la sita na misumari yake, na kidogo cha juu. Hicho kidogo, Bagula anasema, kitanunua karatasi na bahasha ya kupeleka kwa mjomba Jean-Baptiste, na mbuzi kama Mama Shami atakubali. Mwakani anataka kusomea leseni ya kuendesha malori, kwa sababu mgongo wa kurusha nyuma hauna miaka mingi, na lori halimwachishi mtu Jumanne.

Anapakia begi kwenye Toyota yake kuukuu. Saa tano za barabara zinamngoja, na ghalani amekwisha kupiga simu kwamba haji. Anaulizwa lile swali la tatu la kina mama: na Jumanne ijayo wakimfukuza, atakula nini?

Anawasha gari, anacheka.

"Nitakula ya ghala," anasema. "Ya mpira itakuwa juu ya paa."